Minyoo wa mbuzi wa maziwa: maswali na majibu

Mbuzi wangu huku Ruai anakula na hahari, ila maziwa yamepungua. Ni minyoo kweli?

Huenda. Mnyoo hatari zaidi kwa mbuzi, Haemonchus contortus, hukaa katika tumbo la nne akinyonya damu. Mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku. Wakifika 1,000, mbuzi anapoteza mililita 50 kila siku, pamoja na protini ambayo ingeingia kwenye maziwa na nyama. Mnyoo huyu kwa kawaida haharishi. Wafugaji wengi husubiri kuhara, na mbuzi anawafia mikononi.

Nitamjuaje mbuzi mwenye minyoo?

Mtoe kwenye mwanga wa jua. Bonyeza ukope wa juu kidogo kwa kidole gumba, vuta wa chini, na utazame utando wa ndani papo hapo. Ukiwa mwekundu, yuko salama. Ukiwa umepauka au mweupe kama karatasi, damu imekwisha: mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Papasa na chini ya taya jioni. Uvimbe laini, kama mfuko wa maji, ni dalili mbaya.

Kupe nao humaliza damu, hivyo pima kinyesi uhakikishe ni minyoo. Chukua kama gramu 5 mkunduni kwa glavu, si sakafuni, weka penye baridi bila kugandisha, na ufikishe maabara ya mifugo kule Kabete siku hiyo.

Nilimpa dawa, bado amekonda. Kwa nini?

Mara nyingi kosa ni kipimo. Mwili wa mbuzi huvunja albendazole, dawa ya minyoo, haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo huacha minyoo hai, na wanaobaki ndio sugu. Muulize daktari kipimo cha mbuzi. Akisema miligramu 10 kwa kilo, mbuzi wa kilo 40 anahitaji mililita 4 za dawa ya asilimia 10, lakini 16 za ile ya asilimia 2.5. Soma chupa! Mpime uzito, usikisie. Mimina nyuma ya ulimi bila kumwinua kichwa sana, isije ikaingia mapafuni. Mwenye mimba ya mwezi wa kwanza asipewe albendazole.

Rudia kupima kinyesi baada ya siku 14. Mayai ya minyoo yakiwa bado mengi, badilisha aina ya dawa, si jina la chupa tu.

Na masika?

Mayai kwenye kinyesi hutoa mabuu walio tayari kuambukiza ndani ya wiki moja hivi, nao hupanda majani yenye umande. Mfungulie umande ukishakauka. Majani ya nepia yawekwe kihorini, yasitupwe chini.

Maziwa je, baada ya dawa?

Usinywe wala kuuza mpaka siku alizokutajia daktari ziishe.