Mfagiaji wa Japani haitwi "mhandisi wa afya"

Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa miaka: eti Japani mfagiaji huitwa "mhandisi wa afya" na hulipwa dola 5,000 hadi 8,000 kwa mwezi. Si kweli.

Kwa Kijapani huitwa seisoin, yaani mfanyakazi wa usafi. Wengi hulipwa kwa saa, karibu na kima cha chini, ambacho Tokyo mwishoni mwa 2024 kilikuwa yeni 1,163. Piga hesabu: saa 8 kwa siku 22 ni kama yeni 205,000, hata dola 1,500 hazifiki. Tafuta neno hilo kwenye matangazo ya kazi ya Japani ujionee.

Mkanganyiko unaeleweka. Mtalii huona mitaa safi isiyo na mapipa ya taka, kwani mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, na watu hurudi na taka zao nyumbani. Wanafunzi nao hufagia madarasa yao, jambo zuri kweli. Lakini Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ikifika Tokyo husafishwa kwa dakika 7 na watu walioajiriwa, na kazi yao ni ngumu. Kuwatungia mshahara wasiolipwa ni kudharau jasho lao.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma.