Babu Alikuwa Bwana Nyama? Jina la Ukoo Halitoshi

Siku hizi kila ukoo unaandika historia yake, nasi watunza nyaraka tunafurahi. Lakini maombi yanayofika dirishani ni yale yale: "Naomba faili la babu, alikuwa bwana nyama," yaani skauti, askari wa wanyamapori wa serikali. Alifanya kazi wapi? Hajui. Mwaka gani? Zamani.

Majalada ya enzi ya Mwingereza yamepangwa kwa idara, jimbo na somo. Hakuna kabati la koo. Skauti aliandikwa jina lake na la baba yake, tena kwa sikio la mzungu, hivyo tafuta kila namna linavyoweza kuandikwa. Njoo na wilaya, kituo, miaka na bwana mkubwa wake. Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika ilianza 1919. Aliyekuwa Liwale, kusini, miaka ya 1940, kwa mfano, tutamtafuta kwenye karatasi zinazomtaja C. J. P. Ionides, ofisa wa wanyamapori wa huko.

Na mjue mtakachokikuta. Kule kusini kazi kubwa ya skauti ilikuwa kulinda mashamba: kukesha kwenye mtama, kufuata nyayo alfajiri, kuua tembo waharibifu. Risasi alipewa kwa hesabu, meno yakawa mali ya serikali. Si kila mzee mwenye kaptula ya kaki na bunduki alikuwa skauti; wengine walikuwa KAR (King's African Rifles), askari wa jeshi la Mwingereza.

Kwa kawaida, jalada hufunguliwa kwa umma likitimiza miaka 30, kwa mujibu wa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002. Omba kibali kwanza, njoo na kitambulisho, jaza fomu ya kila jalada, andika kwa penseli. Wino marufuku. Kuchana au kuondoka na karatasi ni kosa la jinai, hata kama imetaja babu yako. Na kiinua mgongo chake hakilipwi hapa. Nimeshasema mara nyingi.

Juzi mjukuu mmoja alinitolea picha, kisha bangili ya singa za mkia wa tembo. Hiyo ni nyara ya serikali. Kuwa nayo bila kibali, Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kifungu cha 86, inataja adhabu kali ya kifungo na faini. "Ni urithi" si kibali. Mimi si hakimu. Nilimshauri aonane na Afisa Wanyamapori wa Wilaya kabla hajaulizwa.

Picha tuliinakili. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya penseli, "Kilwa 1948". Tukaanzia hapo.