Asubuhi linawaka, dakika kumi baadaye linazama petroli

Gari linalokataa kuwaka alfajiri ya baridi kali halinisumbui sana. Mara nyingi betri imechoka au plagi zimekwisha, na chanzo kinajitokeza mapema. Linalonipa kazi ni lile linalowaka vizuri asubuhi, likazimwa baada ya dakika chache, kisha likitakiwa kuwaka tena linazungusha stata tu bila kushika, huku harufu ya petroli ikitoka kwenye ekzosi. Wengi wakilipokea gari la namna hii hukimbilia kubadilisha plagi. Plagi mpya zinaingia zikiwa kavu, injini inashika, mwenye gari anaondoka. Siku mbili tatu anarudi, na zile plagi mpya zimelowa chapachapa.

Petroli ikiwa majimaji haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko kamili ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kwenye baridi petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Sehemu kubwa inabaki kama utando wa majimaji kwenye kuta za njia ya kuingizia hewa na kwenye vali. Ndiyo maana kompyuta ya injini huongeza petroli wakati wa baridi, ili hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kushika moto. Kiasi cha kuongeza inakiamua hasa kwa kusoma sensa, yaani kifaa cha kupimia, ya joto la maji ya rejeta. Sensa ikisema injini ni baridi kuliko ilivyo, petroli inamwagwa kupita kiasi, plagi zinalowa, na cheche inapita kwenye unyevu na masizi badala ya kuruka kwenye pengo.

Sasa kwa nini iwe mara ya pili na si ya kwanza? Hilo ndilo swali ambalo nataka kila fundi ajiulize kabla hajashika spana.

Kuna gari lililonifundisha hili. Mwenyewe aliniambia, “Fundi, asubuhi linawaka kama jipya. Nikilizima nikafungue geti, halirudi.” Nilichomoa plagi ya silinda ya kwanza: nyeusi, tone la petroli linaning’inia kwenye ncha. Skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya injini, haikuwa na kosa lolote la sensa ya joto. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, kwa hiyo nilifanya kipimo ninachokipenda: kabla ya kuwasha, linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Injini iliyolala usiku mzima haina sababu ya kuonyesha namba mbili zinazopishana sana. Hewa ilisoma nyuzi 0, maji yakasoma 6 chini ya sifuri. Tofauti ndogo, na fundi mwenye haraka angeiacha ipite. Karibu niiache na mimi.

Niliwasha, nikaiacha injini ipate moto huku nikiangalia skana, na mkono nikiuweka karibu na mpira wa juu wa rejeta. Kwa kipimajoto cha kulenga, kichwa cha injini kilikuwa kimefika nyuzi 40. Skana ilikuwa inasema 14. Hapo ndipo picha ilipokamilika.

Sensa hii hufanya kazi kwa ukinzani, yaani kuuzuia umeme, unaopimwa kwa omu na kushuka joto linapopanda. Kwa aina moja inayotumika sana, ni takriban omu 5,900 kwenye nyuzi 0, omu 2,500 kwenye 20, omu 1,180 kwenye 40, na omu 320 tu kwenye 80. Magari hutofautiana, kwa hiyo tafuta jedwali la gari ulilonalo, lakini mwendo wa namba ni huohuo. Sasa chukua soketi iliyoota kutu ya kijani, ikaongeza omu 2,000 juu ya ukinzani wa sensa yenyewe. Kwenye nyuzi 0 kompyuta inaona omu 7,900 badala ya 5,900, inadhani ni baridi kidogo zaidi, na injini baridi inavumilia ziada hiyo bila shida. Injini ikifika 40, zile omu 2,000 ni nyingi kuliko ukinzani wote wa sensa. Kompyuta inaona omu 3,180 na kuamini iko kwenye nyuzi 14. Ikifika 80, inaamini iko 22. Uongo unakua kadiri injini inavyopata moto, na ukiwasha tena injini ya vuguvugu inamwagiwa petroli ya injini baridi.

Skana hainyanyui kosa kirahisi kwa sababu nyuzi 14 ni joto linalowezekana kabisa. Waya ungekatika, ingesoma kitu kama 40 chini ya sifuri na kosa la P0118 lingejitokeza. Hapa mara nyingi utakuta P0172 peke yake, yaani mchanganyiko una petroli nyingi, na kosa hilo huwapeleka watu kwenye nozeli, vile vinyunyizio vya petroli. Kwa hiyo pima ukinzani kwenye sensa yenyewe, kisha pima tena ukiwa upande wa waya, kwenye soketi ya kompyuta. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ugonjwa.

Sensa na waya zake zikiwa salama, nageukia nozeli inayovuja. Hii nayo hupenda kujificha kwenye mapumziko mafupi: gari limezimwa, presha bado imo kwenye bomba la nozeli, na petroli inadondoka taratibu ndani ya njia ya hewa. Funga geji ya presha, zima injini, uitazame. Kwenye mifumo mingi ya nozeli za kawaida presha ni karibu baa 3, na inapaswa kushuka polepole sana. Ikiporomoka ndani ya dakika chache, ng’oa bomba pamoja na nozeli zake, lisimamishe juu ya karatasi safi, fungua switchi bila kupiga stata, uangalie ni ipi inayotoa tone. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa, mahali penye hewa, kizimamoto kikiwa mkononi; petroli yenye presha haina msamaha. Kama gari lina kirekebisha presha chenye mpira mwembamba wa vakyumu, chomoa mpira huo. Ukikuta petroli ndani yake, kiwambo, ule utando wa ndani ya kirekebisha presha, kimepasuka.

Betri nitaisema kwa ufupi. Wakati stata inazunguka, volti zikishuka chini ya 9.6 cheche inadhoofika, na injini ambayo ingesamehe petroli ya ziada haisamehi tena.

Na kuna mafuriko yasiyo na ugonjwa wowote. Mtu anawasha gari baridi, analisogeza mita chache, analizima. Petroli yote ya ziada imeingia, joto la kuikausha halijapatikana. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakosa kuziba vizuri, mgandamizo unashuka, na stata inazunguka nyepesi isivyo kawaida. Ukisikia mzunguko huo mwepesi, usiendelee kukanyaga-kanyaga. Kandamiza pedali ya mafuta hadi chini kabisa, uishikilie hapo, piga stata kwa sekunde zisizozidi 10, pumzisha, rudia. Magari mengi ya nozeli yakiona pedali iko chini wakati wa stata hukata petroli na kuingiza hewa tupu. Kwenye magari ya kabureta, yasiyo na nozeli, pedali hiyo hufungua njia ya hewa, lakini usiipampu, maana kila mpampo unadunga petroli nyingine. Ikishindikana, toa plagi, zikaushe, weka kijiko cha chai cha oili kila silinda, zungusha kidogo, rudisha plagi.

Lile gari lilihitaji soketi mpya na sentimeta chache za waya. Nilichomoa pia kijiti cha oili, nikakinusa: petroli tupu. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, inakula beringi kimyakimya, kwa hiyo tulimwaga yote na kubadilisha chujio. Kisha nililiacha lipoe usiku, nikaliwasha na kulizima mara tatu: baada ya dakika 2, baada ya dakika 5, na baada ya dakika 15. Kila mara lilishika kwa mzunguko wa kwanza, na mara ya mwisho skana ilisoma nyuzi 81.