Pushirodi haipindi yenyewe

Isuzu ya zamani, injini ya 4BD1, ililetwa gereji Nyakato, Mwanza, kwa kuvutwa, magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kirumba yakiwa bado juu. Dereva alinikabidhi pushirodi, fimbo moja iliyopinda, kaiviringisha kwenye gazeti. "Fundi, nitafutie nyingine kama hii, nifunge niondoke." Nilielewa haraka yake, mzigo wa watu ule. Lakini nilimwomba akae kwanza, kwa sababu karibu kila kitu alichoamini kuhusu ile fimbo ndicho kingemrudisha kwangu baada ya siku mbili.

Kwa asiyeijua, pushirodi husimama kati ya tapeti na roka. Kamshafti, mhimili wenye vinundu chini kwenye bloku, inainua tapeti, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inabinua roka, roka inafungua valvu. 4BD1 ina nane, mbili kwa kila silinda.

Dhana: Imepinda kwa uzee, weka mpya yaishe.

Hapana. Fimbo hupinda kwa sababu imesukumwa huku upande wa pili kuna kitu kimegoma kusogea. Mara nyingi ni valvu iliyoganda kwenye kibomba chake kwa masizi, kwa kutu, au kwa injini kuchemka sana. Mara nyingine taimingi, yaani mpangilio wa valvu na pistoni kupishana, imekosewa na pistoni imegonga valvu. Au dereva kwenye mteremko kachomeka gia ndogo mno, injini ikazungushwa kupita uwezo wake, springi zikashindwa kurudisha valvu kwa wakati. Hata nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya roka na valvu, ikiachwa kubwa sana, fimbo inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake, ikabanwa vibaya na kupinda.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuangalie zaidi kutu. Gari likiegeshwa miezi mingi, kuna valvu ya moshi itakayokuwa imesimama wazi, na unyevu unapanda kwenye bomba hadi kwenye mguu wake. Siku mnayolisukuma liwake, valvu ile haitembei, na fimbo ndiyo inayoumia. Ukifunga mpya bila kuigusa valvu, umenunua fimbo ya pili kupinda.

Dhana: Kelele ya tak-tak juu ya hedi, kichwa cha injini, ni tapeti tu, kaza skrubu.

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inaelekea kuwa kweli. Nafasi ya tapeti ikizidi, injini inalia hivyo. Lakini fimbo ikipinda inakuwa fupi, na nafasi inafunguka vilevile! Ukikaza skrubu mpaka fila, kile kibati cha kupimia mwanya, ya milimita 0.40 ipite vizuri, kelele inapungua na wewe unaridhika, huku fimbo dhaifu ikiendelea kubeba mzigo. Kabla ya kukaza, tazama skrubu za roka zote kwa pamoja. Moja ikiwa imeshuka chini kuliko jirani zake, au ikidai kushushwa hivyo, chomoa fimbo yake uipime.

Dhana: Gari likiwaka, fimbo zote ni nzima.

Injini ya silinda nne itawaka hata kwa tatu, ila itatetemeka. Kupata iliyokufa, iache ilie polepole, kisha legeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye nozeli, moja baada ya nyingine. Pale mlio usipobadilika ndipo penye tatizo. Funika nati kwa kitambaa, vaa miwani, na usikaribishe mkono, maana dizeli hutoka kwa msukumo wa kutoboa ngozi. Ukisikia injini inapumua kinyumenyume kwenye chujio la hewa, shuku valvu ya moshi isiyofunguka: gesi imekosa mlango, inarudia ilikoingilia.

Kisha zima injini, fungua tapeti kava, kifuniko kilicho juu ya roka, zungusha kranki, mhimili mkuu wa injini, kwa spana mizunguko miwili kamili. Kila roka lazima ibonyee mara moja. Isiyobonyea, au inayobonyea kidogo kuliko wenzake, umeipata.

Dhana: Jicho linatosha kuiona.

Iliyopinda sana, ndiyo. Iliyopinda kidogo itakudanganya ukiishika mkononi. Mimi nina kipande cha kioo cha dirisha juu ya benchi. Fimbo ikifutwa oili na kuviringishwa pale, nzima inateleza kimya, iliyopinda inadundadunda na mwanga unachungulia chini yake ukipotea na kurudi. Zipange zote kwenye boksi lililotobolewa na kuandikwa namba, kila moja irudi kwake.

Dhana: Inanyooshwa kwa nyundo.

Usinyooshe. Chuma kilichopinda kikarudishwa kitapinda palepale.

Tulipofika kwenye valvu za ile Isuzu, niliishusha pistoni, nikagonga ncha ya juu ya kila valvu kwa nyundo ya mbao, taratibu. Saba zilirudi juu na mlio mkavu. Ya moshi, silinda ya tatu, ikabaki ilipo. Dereva akainama, akaigusa kwa kidole, ndipo akakumbuka kuwa gari lilikaa Igombe masika yote bila kuwashwa. Tukaanza kulegeza nati za hedi. Dagaa wakahamishiwa gari jingine jioni ileile.