Asidi za amino kwenye damu ya mtoto: nasoma mpangilio, si namba moja

Mtoto amezaliwa vizuri, ananyonya, kisha siku ya nne analegea, anakataa titi na kutapika. Wengi huanza kumtibu kama ana maambukizi ya damu, na wako sahihi. Mimi nasoma vipimo maabara, na ninachoomba ni kwamba damu ya kupima amonia (taka ya protini) na asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, ichukuliwe siku hiyohiyo.

Kila asidi ya amino huvunjwa na vimeng'enya vyake. Kimoja kikikosekana, kilicho nyuma yake hurundikana na kilichopaswa kuzalishwa hupungua. Katika fenilketonuria kali isiyotibiwa, ugonjwa wa kurithi ambapo asidi ya amino fenilalanini haivunjwi kuwa tairosini, fenilalanini hupita mikromoli 1,200 kwa lita, wakati kawaida haizidi takriban 120, na tairosini haipandi. Tairosini ikipanda peke yake kwa mtoto njiti, mara nyingi ini halijakomaa tu. Glutamini na amonia zikiwa juu huku sitrulini ikikaribia kutoweka, nashuku kasoro katika hatua za mwanzo za mzunguko wa urea, njia ya ini ya kugeuza amonia kuwa urea. Leusini, isoleusini na valini hupanda kiasi hata kwa njaa. Aloisoleusini, alama ya ugonjwa wa kurithi ambapo hizo tatu hazivunjwi, ikijitokeza juu pamoja nazo, nampigia daktari simu papo hapo, ripoti itafuata. Leusini inadhuru ubongo kwa siku, si kwa miezi.

Tone la kisigino kwenye karatasi, njia aliyoianzisha Robert Guthrie huko Marekani miaka ya 1960, ni la uchunguzi wa awali tu. Kuthibitisha kunataka plazma, majimaji ya damu bila chembe zake, na hapa ndipo mengi huharibika. Tumia mrija wenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, plazma itenganishwe mapema na igandishwe. Damu ikikaa mezani, kimeng'enya cha chembe nyekundu hugeuza arjinini kuwa ornithini, na glutamini huwa glutamati. Nikikuta arjinini chini na ornithini juu, nauliza kwanza sampuli ilisafiri vipi. Na fomu, tafadhali: umri, saa aliyonyonya mwisho, kama yuko kwenye dripu ya asidi za amino. Bila hayo nakisia, na sipendi kukisia kuhusu mtoto wa mtu.

Majibu ya kawaida hayafungi kesi. Asidi ogani za mkojo na asilikanitini za damu, viashiria vingine vya kasoro za uvunjaji wa chakula mwilini, hupimwa pia. Tena, maziwa yakisimamishwa na glukosi ikianza, viwango huanza kushuka. Kwa mtoto mahututi usingoje saa za kukaa bila kula: chota damu kwanza, kisha anza dripu mara moja.