Je, wajua? Picha za CT zinavyopima mwendo wa damu ubongoni

Mgonjwa anayeshukiwa kupata kiharusi huingizwa kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa miale ya eksirei, na picha ikitoka safi ndugu hushusha pumzi: kumbe si kiharusi. Sivyo. Picha ya kawaida ya CT ni hodari wa kuonyesha damu iliyovujia ubongoni, kwa kuwa damu mbichi huonekana nyeupe. Lakini viharusi vingi husababishwa na bonge la damu linaloziba mshipa, na katika saa za mwanzo ubongo uliokosa damu unaweza kufanana kabisa na ubongo wenye afya. Picha safi humwambia daktari kwamba hakuna damu iliyovuja, jambo analolihitaji kabla ya kutoa dawa ya kuyeyusha bonge. Haimwambii kwamba mishipa iko wazi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mshipa ukiziba, sehemu yote uliyokuwa ukiilisha hufa papo hapo. Sivyo: baadhi yake hubaki hai kwa muda, kwa damu kidogo inayopitia mishipa ya jirani, na bado inaweza kuokolewa.

Ili kutenganisha kilichokufa na kinachookoleka, mashine ileile hutumiwa kwa namna nyingine. Mgonjwa hudungwa mkononi dawa yenye iodini, inayozuia miale ya eksirei, kisha ubongo hupigwa picha mfululizo, kila baada ya sekunde moja au mbili, kwa takribani dakika nzima. Fikiria majaruba ya mpunga yanayolishwa na mfereji mmoja. Mwaga rangi mwanzoni mwa mfereji, simama juu ya tuta uhesabu. Mfereji ukiziba, majaruba mengine bado hupata maji ya kuzunguka kupitia kwa jirani: rangi hufika, ila kwa kuchelewa, na mpunga wake ungali hai. Mengine hayapati rangi ya maana.

Programu nyingi za kompyuta zinazogeuza picha hizi kuwa ramani ya rangi huhesabu kuchelewa kwa dawa kwa zaidi ya sekunde 6 kuwa dalili ya hatari, na mtiririko ulio chini ya asilimia 30 ya ule wa sehemu yenye afya kuwa dalili ya kifo. Hesabu yenyewe ni fupi ajabu: gawanya ujazo wa damu kwa muda inaoutumia kupita, unapata mtiririko.

Ni kwa picha za aina hii, za CT au za MRI (mashine inayotumia sumaku), kwamba majaribio ya kitabibu yaitwayo DAWN na DEFUSE 3 yalichagua wagonjwa, na mwaka 2018 kulivuta bonge kwa mrija kukakubalika hata saa 16 hadi 24 baada ya mgonjwa kuonekana mzima mara ya mwisho.

Hata hivyo mashine haioni kifo. Inaona uhaba wa damu na kukisia. Moyo dhaifu huchelewesha dawa kila mahali, kichwa kikitikisika ramani huharibika, na viharusi vidogo hupita bila kuonekana. Mshipa ukifunguliwa mapema, sehemu iliyopakwa rangi ya kifo wakati mwingine hukutwa hai. Majaribio mengine ya 2022 na 2023 yakaongeza utata: hata wagonjwa wenye eneo kubwa lililohesabiwa limekufa walinufaika, kwa wastani, bonge lilipoondolewa.