Uma za Soutine: dhana potofu kuhusu picha za vyombo vya nyumbani "zilizopinda"

Dhana: Mchoraji hajui kuchora, ndiyo maana sahani iko upande.

Ukweli: Mchoraji Chaïm Soutine, mzaliwa wa kijiji cha nchi inayoitwa leo Belarus, alisomea sanaa Vilnius, akafika Paris 1913 akaingia chuo tena. Kutwa alikuwa kwenye jumba la makumbusho la Louvre, akitazama picha za wachoraji wakongwe. Mnamo 1916 hivi alichora samaki watatu wa heringi kwenye sahani, na uma mbili pembeni. Zitazame hizo uma: mpini umekonda kama mkono wa mgonjwa, meno yamejikunja kama vidole vinavyotaka kunyakua. Miaka hiyo Soutine alikuwa fukara wa kulala na njaa. Angezinyoosha, tungeona uma basi. Alivyozipinda, tunaiona njaa, na hiyo ndiyo kazi ya ekspreshonizimu, yaani mtindo wa kupinda maumbo na kukoleza rangi ili hisia ionekane.

Dhana: Picha kama hizi hutoka kichwani tu, na rangi hupakwa ovyo.

Ukweli: Kwa Soutine ni kinyume kabisa, tena hadi kuwaudhi majirani. Bila kitu chenyewe mbele ya macho yake, brashi haikwenda. Katika miaka ya 1720 mchoraji Mfaransa Chardin alichora taa (samaki, si ya kuwasha) aliyetundikwa juu ya vyombo vya jikoni. Soutine aliipenda mno picha hiyo, na mnamo 1924 hivi akachora taa wake, na nyanya nyekundu zimezagaa chini yake. Baadaye akatundika ng'ombe aliyechunwa ndani ya studio. Nyama ilipokauka na kufifia, akawa anaimwagia damu ili wekundu urudi. Harufu ikawashinda majirani, maofisa wa afya wakaitwa. Mtu wa rangi ovyo angejisumbua hivyo kwa ajili ya wekundu mmoja?

Dhana: Sahani na jagi ni mazoezi ya wanafunzi.

Ukweli: Hilo ni wazo la karne ya 17, pale wasomi wa Ufaransa walipopanga aina za picha kwa ngazi na kuziweka za vitu visivyo hai chini kabisa, chini hata ya picha za wanyama. Bado lina wafuasi.

Dhana: Ni kazi ya haraka, na mchoraji huridhika na chochote.

Ukweli: Haraka, ndiyo, akishaanza, Soutine alikwenda mbio. Kuridhika, hapana. Mmarekani Albert Barnes, mkusanyaji wa sanaa, alinunua makumi ya picha zake majira ya baridi ya 1922 kuingia 1923, na umaskini ukaisha. Hata hivyo Soutine aliendelea kuzisaka picha zake za zamani, azichane.